Wakili hakukutetea? Namna ya kuithibitisha hoja hiyo kwenye rufaa ya jinai, Mtwara na Lindi

Ndugu akishasomewa hukumu na karandinga likaondoka, neno la kwanza linalosikika uani mwa mahakama ni "wakili katuuza." Wengine hulisema kwa uchungu tu, wengine wana sababu kweli. Jaji wa rufaa hana njia ya kuwatofautisha hao wawili isipokuwa kwa karatasi zilizo mbele yake, na kazi ya mwongozo huu ni kukuonyesha karatasi hizo ni zipi, zinapatikana wapi, na zikisomwa vizuri zinasema nini.

Nawaandikia zaidi ndugu wa wafungwa wa huku kwetu: kesi iliyoamuliwa Mahakama ya Wilaya, iwe Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Liwale au Kilwa, au Mahakama ya Hakimu Mkazi ya Mtwara au Lindi, na rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Kesi za mauaji zinazosikilizwa na Mahakama Kuu yenyewe nitazigusa pale zinapotofautiana. Namba za vifungu ninazotaja ni za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kama ilivyokuwa kabla ya Toleo la 2023, ambalo limesogeza namba nyingi, kwa hiyo mwombe mtu mwenye toleo jipya akulinganishie kabla ya kuandika chochote cha kupeleka mahakamani.

Hatua ya kwanza: siku zisikupite

Kabla hujaanza kubishana kama wakili alikosea, okoa muda wa rufaa. Kifungu cha 361 kinataka taarifa ya nia ya kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufaa ziwasilishwe ndani ya siku 45. Siku zilizotumika kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi kwenye hizo 45. Kwa hukumu ya Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa hutolewa ndani ya siku 30.

Taarifa ya nia haihitaji sababu, wala haihitaji wakili. Mfungwa anaiwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza, na ofisi hiyo ndiyo inayoipeleka mahakamani. Aliyeko Lilungu au gereza jingine lolote amwambie ofisa wa gereza siku ileile aliyopokelewa. Wewe wa nje, ukienda kumwona, jambo la kwanza kuuliza baada ya salamu liwe hilo: notisi imekwenda?

Siku zikiwa zimepita, kuna maombi ya kuongezewa muda, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanaandika kwamba wakili aliahidi kukata rufaa akanyamaza, wanadhani inatosha. Msimamo wa jumla wa mahakama zetu ni kwamba uzembe wa wakili peke yake si sababu ya msingi. Katika Lyamuya Construction (Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010) Mahakama ya Rufani iliweka vigezo ambavyo hutumika mpaka leo: ueleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, uonyeshe bidii badala ya uzembe, na kama kuna kosa la wazi la kisheria kwenye uamuzi, ulitaje. Na katika Bushiri Hassan (Maombi ya Madai Na. 3 ya 2007) ilisemwa kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezewe. Kwa hiyo hati ya kiapo isiishie kumlaumu wakili. Ioneshe ulimpigia lini, ulimfuata ofisini lini, ulipogundua hajafanya kitu ulichukua hatua gani kesho yake.

Hatua ya pili: mwenendo wa kesi, ukurasa kwa ukurasa

Omba nakala ya mwenendo na hukumu kwa barua kwenye masijala ya mahakama iliyohukumu, na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaothibitisha siku ulizosubiri.

Mwenendo ukifika, usianzie kwenye hukumu. Kaa na kalamu na daftari, anza ukurasa wa kwanza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini bado utakuta kumbukumbu zilizoandikwa kwa Kiingereza pamoja na vifupisho vyao. PW1 ni shahidi wa kwanza wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, DW1 ni wa kwanza wa utetezi. Ukikuta herufi XXD, hapo ndipo maswali ya dodoso ya upande wa pili yanaanza. Angalia chini yake kuna mistari mingapi. Shahidi aliyedai kumtambua ndugu yako usiku, kwa mwanga wa tochi, akafuatiwa na XXD yenye mistari miwili tu au maneno kwamba wakili hana swali, huo ukurasa uukunje.

Uukunje kwa sababu kunyamaza kuna gharama. Tangu Cyprian Athanas Kibogoyo (Rufaa ya Jinai Na. 88 ya 1992), na baadaye Nyerere Nyague (Na. 67 ya 2010), kanuni ni kwamba usipomdodosa shahidi kwenye jambo la msingi, unachukuliwa umelikubali. Hapo kosa la wakili linaonekana bila wewe kuapa chochote: jambo lipo, swali halipo, na hukumu imelitumia hilohilo pengo kumtia mtu hatiani.

Kuna kurasa nyingine nne ambazo mimi sizipiti haraka. Ya kwanza ni usikilizwaji wa awali chini ya kifungu cha 192, ambapo mambo yasiyobishaniwa huandikwa na kusainiwa na mshtakiwa na wakili wake. Yakishaandikwa hapo yanahesabika yamethibitishwa. Nimeona watu wakigundua gerezani kwamba walikubali kuwepo eneo la tukio. Ya pili ni siku maelezo ya onyo, yale ambayo mshtakiwa aliandikishwa polisi, yalipopokelewa kuwa kielelezo. Je, wakili alipinga? Pingamizi kwamba maelezo yalitolewa kwa kipigo hutolewa kabla hayajapokelewa, ndipo mahakama ifanye uchunguzi mdogo. Ukiliibua kwenye rufaa utaambiwa ni mawazo ya baadaye. Ya tatu ni pale mshtakiwa anapoulizwa, chini ya kifungu cha 231, atajitetea vipi na ataita mashahidi gani. Ya nne ni mistari ya mahudhurio inayoonyesha nani alikuwepo kila siku. Wakili ambaye jina lake halimo siku shahidi mkuu alipotoa ushahidi ni jambo zito kuliko wakili aliyekuwepo akauliza maswali dhaifu.

Kitu kimoja usikiguse kama huna uhakika: kusema mwenendo umeandikwa uongo. Katika Halfani Sudi dhidi ya Abieza Chichili (1998) ilishaamuliwa kwamba kumbukumbu za mahakama zinachukuliwa kuwa sahihi na haziyumbishwi kirahisi.

Hatua ya tatu: jiulize kama hili ni kosa la wakili au la mahakama

Hapa nina msimamo, na najua mawakili wengine hawaupendi. Kama kosa la wakili linaweza kuandikwa kuwa kosa la mahakama, liandike kuwa la mahakama. Linashinda kwa urahisi zaidi na halihitaji ushahidi mpya.

Chukua kielelezo kilichopokelewa bila kusomwa kwa sauti. Wakili alikaa kimya, ndiyo. Lakini tangu Robinson Mwanjisi (2003) ni wajibu kwamba waraka ukishapokelewa usomwe mahakamani, na usiposomwa huondolewa kwenye ushahidi, wakili awe alipinga au hakupinga. Ndivyo ilivyo pia kwa utambuzi wa usiku: Waziri Amani (1980) inamtaka hakimu mwenyewe ajiridhishe kuhusu mwanga, umbali, muda na hali nyingine kabla ya kumwamini shahidi. Na kama wakili hakuwepo na hakimu akaendelea tu, hoja yako inamhusu hakimu aliyeendelea.

Lawama zinazobaki baada ya kuchuja hivyo ndizo za wakili kweli: hakuita mashahidi uliompa majina, hakutoa taarifa ya utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio, hakukutana na mteja hata mara moja, alikuwa na mgongano wa maslahi, alikubali mambo bila kuuliza. Na kuna zile ambazo ni hasira tu. Kwamba alikuwa mpole mno, kwamba alicheka na wakili wa serikali kwenye korido, kwamba hela ya awamu ya pili ilichelewa kwa kuwa malipo ya korosho hayajatoka na yeye akanuna. Ziache nje.

Hatua ya nne: kipimo chenyewe

Marekani wana kesi mashuhuri, Strickland v. Washington ya 1984, iliyoweka vipimo viwili: kwanza, wakili alishuka chini ya kiwango kinachotarajiwa, pili, kuna uwezekano wa kweli kwamba bila makosa yake matokeo yangekuwa tofauti. Usiende nayo Mtwara ukaisoma kama sheria, maana haimfungi jaji wetu. Lakini kama namna ya kupanga mawazo haina mfano, kwani sheria zetu zinaishia palepale kwa njia nyingine. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, kifungu cha 310 kinatoa haki ya kutetewa na wakili, na kifungu cha 388 kinasema kosa la kimwenendo halitengui hukumu mpaka liwe limesababisha haki kutotendeka.

Hicho kifungu cha 388 ndicho kizingiti. Nusu ya kwanza, kwamba wakili aliboronga, kila mtu anaiandika. Nusu ya pili, kwamba kuboronga huko ndiko kulikomfunga mtu, wengi hawaigusi kabisa.

Nitoe mfano wa kubuni. Kijana wa Tandahimba amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, nyumba ya mnunuzi wa korosho ilivamiwa usiku. Yeye anasema usiku huo alikuwa hospitali ya Ndanda akimuuguza mama yake, na wakili aliambiwa. Kifungu cha 194(4) kinataka taarifa ya utetezi wa namna hiyo itolewe mapema, au angalau maelezo yake yatolewe kabla ya Jamhuri kufunga ushahidi. Isipotolewa, mahakama inaweza isiupe uzito wowote. Taarifa haikutolewa, na hukumu inasema hivyo wazi. Nusu ya kwanza ipo.

Sasa nusu ya pili. Mama alilazwa, jalada lake lipo. Lakini jalada linamthibitisha mgonjwa, halimthibitishi mwuguzaji. Nani alimwona kijana pale saa nane za usiku? Shangazi aliyepokezana naye asubuhi? Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, waliogawana naye uji? Hao wakipatikana, wakaapa, na ushahidi wa Jamhuri ukawa ni wa shahidi mmoja wa utambuzi, hoja ina miguu miwili. Wasipopatikana, wakili atakuwa amekosea kweli na rufaa itaanguka vilevile.

Hatua ya tano: kusanya uthibitisho wa nje ya mwenendo

Uliyoyamwambia wakili faraghani hayamo kwenye mwenendo, kwa hiyo yanahitaji hati ya kiapo. Mfungwa aape ya kwake gerezani. Kila shahidi ambaye hakuitwa aape ya kwake, aeleze kwa maneno yake angesema nini na kwamba alikuwa tayari kufika. Hati ya mama inayosema "mwanangu ana mashahidi wengi" haina kazi; kinachotakiwa ni hao mashahidi wenyewe.

Kisha tafuta maandishi ya wakati ule. Ujumbe wa simu uliomtumia wakili majina ya mashahidi ni dhahabu, usiufute, na simu yenyewe itunze. Risiti za malipo zinaonyesha alikuwa wakili wako tangu lini. Ziara za wakili gerezani huandikishwa getini. Mkuu wa gereza aombwe kwa barua athibitishe ni tarehe zipi alifika. Kwa kesi za mauaji, ambapo wakili hupangwa na mahakama na si ajabu akakutana na mteja wake siku kikao kinapoanza, kumbukumbu hiyo inaweza kusema mengi kuliko kiapo kirefu.

Mwandikie pia wakili wa zamani. Najua hutaki. Lakini jaji atauliza kama mwenzako amepewa nafasi ya kujibu, na jibu lake, au ukimya wake, ni ushahidi. Barua iwe fupi na ya heshima:

"Wakili, shikamoo. Mimi ni mama mzazi wa mteja wako uliyemtetea katika kesi ya jinai iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya. Tunaandaa rufaa. Kwa ridhaa yake, ambayo nimeiambatisha, tunaomba nakala ya jalada lako, na tunaomba utueleze kwa maandishi kwa nini mashahidi wawili waliotajwa hawakuitwa. Tutashukuru tukipata majibu ndani ya siku 14."

Hiyo ridhaa ni ya lazima. Sheria ya Ushahidi inamfunga wakili asitoe siri za mteja bila idhini ya mteja mwenyewe. Na elewa upande wake wa pili: ukishamruhusu aseme, atasema yote, pamoja na lile ambalo ndugu yako alimnong'oneza na wewe hukuwahi kulisikia. Kaa na mfungwa kwanza, muulizane ana kwa ana. Ikiwa aliwahi kumwambia wakili kwamba alikuwepo pale, ni heri ulijue wewe leo kuliko kulisikia kwa wakili wa serikali siku ya rufaa.

Na kabla ya yote hayo, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Vishoka wapo. Ikiwa aliyesimama hakuwa wakili kabisa, hoja yako inabadilika: hukuwa na wakili mbovu, hukuwa na wakili.

Hatua ya sita: andika sababu ya rufaa inayoshikika

"Kwamba wakili wangu hakunitetea vizuri" ni sababu ambayo jaji ataisoma na kugeuza ukurasa. Linganisha na hii:

"Kwamba mrufani alinyimwa haki ya kusikilizwa kikamilifu kinyume cha Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, kwa kuwa katika ukurasa wa 31 wa mwenendo aliieleza mahakama kuwa ataita mashahidi wawili, lakini katika ukurasa wa 34 utetezi ulifungwa na wakili wake siku hiyohiyo bila mashahidi hao kuitwa wala mrufani kuulizwa, na mahakama ikatumia kukosekana kwao kumtia hatiani."

Kuna kurasa, kuna kitendo, kuna madhara. Ina pia kosa la hakimu ndani yake, maana hakimu aliyesikia "nitaita wawili" alipaswa kushangaa.

Iweke sababu hii kwenye rufaa ya kwanza. Usiiweke akiba. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi, mojawapo ikiwa Galus Kitaya (Rufaa ya Jinai Na. 196 ya 2015), kwamba haipokei hoja ambayo haikuletwa Mahakama Kuu, isipokuwa iwe ya kisheria tupu. Ni hivyohivyo kwa ushahidi wa nyongeza: kifungu cha 369 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuupokea au kuagiza uchukuliwe na mahakama ya chini, lakini kwenye rufaa ya pili mlango huo umefungwa. Ombi la ushahidi wa nyongeza liandike waziwazi ndani ya petisheni, hati yenye sababu zako za rufaa, na uambatishe hati za kiapo za mashahidi.

Hatua ya saba: siku ya kusikilizwa

Wakili wa serikali atakuja na majibu matatu, karibu kila mara. Kwamba ule ulikuwa mkakati wa utetezi. Kwamba mrufani alikuwepo kizimbani na hakulalamika. Kwamba hata bila kosa hilo ushahidi ulitosha. La kwanza linajibika kwa kuonyesha hakuna mkakati wowote unaoweza kuelezea kitendo kile. Kutomdodosa mtoto kwa ukali kunaweza kuwa busara, kutotoa taarifa ya kifungu cha 194 hakuwezi kuwa busara ya aina yoyote. La tatu umeshalijibu kama nusu ya pili umeijenga.

La pili ndilo gumu, na dawa yake ipo kabla ya hukumu. Wewe ambaye kesi ya ndugu yako bado inaendelea, mwambie anyooshe mkono: "Mheshimiwa Hakimu, naomba iandikwe kwamba shahidi wangu yuko nje na wakili hajamwita." Hakuna atakayemfunga kwa hilo, na mstari huo mmoja kwenye mwenendo utakuja kufanya kazi ambayo hati kumi za kiapo haziwezi.

Ukishinda, tarajia nini

Hoja hii ikishinda yenyewe tu, mara nyingi matunda yake ni kesi kusikilizwa upya. Kwenda nyumbani ni jambo jingine. Fatehali Manji (1966) ndiyo inayoongoza: kesi hurudiwa pale ya mwanzo ilipokuwa na kasoro, ila si kwa ajili ya kuipa Jamhuri nafasi ya kuziba mapengo yake. Basi kama ushahidi wa Jamhuri ni dhaifu kiasi cha kumwachia mtu huru, tanguliza udhaifu huo na hoja ya wakili iwe ya tatu au ya nne. Mfungwa aliyekwisha kaa miaka sita hafurahii kuanza upya Masasi na mashahidi ambao safari hii wameshajifunza majibu.

Kuhusu Arusha: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua katika kesi za Alex Thomas (2015) na Mohamed Abubakari (2016), wote wafungwa wa miaka 30, kwamba Tanzania ilivunja haki yao kwa kutowapa wakili wa bure. Hukumu hizo bado zinafaa kunukuliwa. Kufungua kesi mpya huko ndiko kusikowezekana kwa mtu binafsi wa Tanzania, kwa kuwa nchi iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na kuondoka huko kukaanza kutumika tarehe 22 Novemba 2020.

Asiye na hela ya wakili wa rufaa asikate tamaa mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo inayowatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza waliopo wilayani. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kukutetea, lakini kusoma mwenendo na kupanga kurasa wanaweza. Kwa mtu wa Liwale hilo linaokoa nauli nyingi za kwenda Mtwara.

Mwisho, malalamiko ya kinidhamu dhidi ya wakili yanakwenda Kamati ya Mawakili chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Kamati inaweza kumsimamisha au kumfuta, lakini haiwezi kumtoa mtu gerezani, na rufaa haisimami kuisubiri. Ukiamua kulalamika huko, peleka nakala; risiti halisi, simu na barua zenye mihuri zibaki kwako kwa ajili ya rufaa.